Kusahihisha Kwanza, Kupanga Baadaye: Njia Mbadala za Kutoa Alama na Matunda Yake kwa Mwanafunzi

Kila mwisho wa muhula ofisi ya parokia hupokea wageni wa namna moja: wazazi wenye karatasi ya ripoti ya shule mkononi. Muhula mmoja tulimpokea mama ambaye mwanawe wa Kidato cha Kwanza alikuwa wa 58 katika darasa la wanafunzi 61. Hakuja kulalamika, wala hakuja kuomba mchango wa ada. Alikuja na swali moja: "Baba, mimi nimsaidie nini huyu mtoto?" Tuliisoma ripoti ile mara mbili. Ilikuwa na alama za masomo tisa, wastani, daraja na nafasi. Mahali pa maoni ya mwalimu paliandikwa maneno mawili: "Aongeze bidii." Hapakuwa na neno hata moja lililoonesha mtoto anakwama wapi. Tulimrudishia mama karatasi yake, na tunakiri kwamba siku ile hatukuwa na jibu.

Swali la mama yule ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Tunakusudia kueleza mfumo wa alama tuliourithi, njia nyingine za kupima maendeleo ya mwanafunzi ambazo zimejaribiwa mahali mbalimbali, faida na mipaka iliyoonekana, na mambo ambayo familia, shule na parokia zetu zinaweza kuyatenda bila kungoja sera mpya.

Maana ya maneno matatu

Katika mazungumzo ya kila siku tunachanganya maneno matatu yenye kazi tofauti: kupima, kusahihisha na kupanga.

Kupima ni kutafuta kujua mwanafunzi amefika wapi. Daktari hupima damu ili ajue ugonjwa; hampimi mgonjwa ili amlinganishe na mgonjwa wa kitanda cha pili. Kupanga ni kuwaweka wanafunzi katika mstari, wa kwanza hadi wa mwisho, au katika madaraja, ili jamii iweze kuchagua nani aendelee na nani asiendelee. Kazi hii ina mahali pake, maana nafasi za masomo ya juu ni chache kuliko waombaji.

Kati ya hayo mawili lipo neno la tatu, na hapa lugha yetu ina hekima kuliko mazoea yetu. Kazi ya mwalimu anapochukua madaftari tunaiita kusahihisha, yaani kukifanya kilichokosewa kiwe sahihi. Lakini mara nyingi mwalimu huweka alama ya vema, alama ya kosa na namba juu ya ukurasa, kisha daftari hurudi likiwa na makosa yaleyale. Kazi imepimwa na mwanafunzi amepangwa, lakini hakuna kilichosahihishwa. Njia zote mbadala tutakazozieleza zina shabaha moja: kulirudishia neno hili maana yake, ili kusahihisha kutangulie na kupanga kuje baadaye, pale tu panapokuwa na ulazima.

Mfumo tuliourithi

Ni haki tuanze na nyumba yetu wenyewe. Mwaka 1599 Shirika la Yesu lilitoa mwongozo wa elimu uitwao Ratio Studiorum, ulioziongoza shule za Wajesuiti kwa karne nyingi. Mwongozo ule ulisisitiza marudio na mazoezi ya mara kwa mara, jambo jema kabisa. Uliweka pia zawadi za hadharani na mashindano kati ya wanafunzi, kila mmoja akiwa na mpinzani wake darasani. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ushindani wa shuleni uliletwa na ulimwengu peke yake. Sisi pia tulishiriki kuujenga.

Hapa Tanzania, Baraza la Mitihani lilianzishwa mwaka 1973. Katika mtihani wa Kidato cha Nne kila mzazi amezoea madaraja yake: A ni alama 75 hadi 100, na F ni chini ya 30, kisha pointi za masomo saba hujumlishwa ili kupata Divisheni ya Kwanza hadi ya Nne, na Sifuri. Kwa muda mfupi matokeo yalitolewa kwa wastani wa pointi badala ya divisheni, lakini mwaka 2016 tukarudi tulikotoka. Mabadiliko yale yaligusa jina la kipimo tu. Mwanafunzi aliyeshindwa hakupata maelezo zaidi ya yale ya awali.

Wasiwasi juu ya mitihani si mgeni kwetu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alikosoa shule inayomwandaa mtoto kwa ajili ya mtihani tu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kazi za mwanafunzi za kila siku na mwenendo wake vihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Huo ndio mwanzo wa kile tunachokiita leo maendeleo endelevu ya mwanafunzi. Nia ilikuwa njema, lakini mahali pengi kazi za kila siku ziligeuka kuwa mitihani midogo mingi badala ya mtihani mkubwa mmoja, na kusahihisha kukabaki palepale.

Je, alama yenyewe ni kipimo cha kuaminika? Mwaka 1912 watafiti wawili wa Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott, walituma nakala za karatasi zilezile za mtihani wa Kiingereza kwa walimu wengi wa shule za sekondari. Alama zilizorudishwa na walimu 142 kwa karatasi moja zilitofautiana kuanzia 64 hadi 98. Kwa karatasi ya pili, kuanzia 50 hadi 97. Mwandiko ulikuwa uleule na majibu yaleyale. Mitihani yetu ya kitaifa hujikinga na hatari hii kwa miongozo ya usahihishaji na kwa kusahihisha kwa pamoja, lakini alama nyingi zinazomfanya mtoto alie nyumbani hutoka katika majaribio ya shuleni, ambayo hayana kinga hiyo.

Nafasi ikiwa lengo, mtoto huwa mzigo

Mwaka 2013 nchi yetu ilianza mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule zikaanza kupangwa hadharani kwa matokeo ya mitihani. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza athari zake kwa shule za msingi. Waligundua mambo mawili. Katika shule zilizokuwa mkiani kwenye wilaya zao, kiwango cha ufaulu kilipanda. Lakini shule hizo pia zilipunguza idadi ya wanafunzi wanaofika darasa la mwisho na kufanya mtihani. Kwa maneno mengine, sehemu ya njia ya kupandisha wastani ilikuwa kumwondoa mtoto anayeushusha.

Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kitaifa. Wapo waliosikitika, hata katika shule zetu za Kanisa ambazo zimezoea kushika nafasi za juu. Sisi tunaona ilikuwa nafasi ya kujichunguza. Shule ya Kikatoliki inayomrudisha mtoto nyumbani kwa sababu hakufikia wastani uliowekwa inapaswa kujiuliza: je, tumemfundisha mtoto huyu tukashindwa, au tumemchuja tu ili ubao wa matokeo upendeze? Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo la mwaka 1965, ulieleza malezi kuwa ni ya mtu mzima, mwili, akili na maadili, na ukawataka wachungaji na waamini wasiwasahau walio maskini. Ubao wa matokeo hauna mahali pa kuandika hayo.

Njia mbadala tano

*Kwanza, maelezo bila alama.* Mwalimu huandika kwenye kazi ya mwanafunzi kitu alichokifanya vema, kitu kilichokosewa, na hatua ya kufuata, haweki namba. Utafiti unaotajwa sana ni wa Ruth Butler wa Israeli, uliochapishwa mwaka 1988. Wanafunzi wa shule ya msingi waligawanywa katika makundi matatu: wa kwanza walipewa maelezo tu, wa pili alama tu, wa tatu alama pamoja na maelezo. Waliopewa maelezo tu ndio waliofanya vizuri zaidi na kubaki na hamu ya kazi. Jambo la kushangaza lilikuwa kundi la tatu: matokeo yao yalifanana na ya wale waliopewa alama tu. Kila mzazi anaweza kuelewa sababu. Mtoto akiona namba, jicho huishia hapo: waliofaulu hawaoni haja ya kusoma maelezo, na walioshindwa hawana moyo wa kuyasoma. Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam wa Uingereza walikusanya tafiti nyingi juu ya upimaji wa darasani, wakafikia hitimisho kwamba upimaji unaotumika kurekebisha ufundishaji na ujifunzaji huinua matokeo, na huwainua zaidi wanafunzi walio nyuma.

*Pili, kujifunza hadi kumudu.* Mwaka 1968 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago alipendekeza jambo linaloonekana dogo lakini linageuza shule. Katika shule ya kawaida muda ni mmoja kwa wote, na kiasi cha kuelewa hutofautiana. Bloom alitaka kinyume chake: kiwango cha kuelewa kiwe kimoja, na muda pamoja na msaada vitofautiane. Mwanafunzi hufanya jaribio fupi. Asipofikia kiwango, hufundishwa tena kwa namna nyingine na hupimwa tena, bila jaribio la kwanza kumhukumu. Tafiti zilizofuata zilionesha faida kwa jumla, kubwa zaidi kwa wanafunzi dhaifu, ingawa njia hii inadai muda mwingi wa mwalimu.

Msomaji wa Injili ataufahamu moyo wa njia hii. Katika mfano wa mtini usiozaa, katika Injili ya Luka, mwenye shamba anataka mti ukatwe, kwa maana muda wake umepita. Mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi. Lakini tuangalie vizuri: haombi muda mtupu. Anaahidi kuuchimbia na kuutilia mbolea. Kumpa mtoto nafasi ya kurudia mtihani bila kumfundisha upya ni kumwongezea mtini mwaka bila mbolea.

*Tatu, viwango vya umahiri.* Badala ya alama moja ya jumla, mwalimu hueleza mwanafunzi anaweza kufanya nini katika kila ujuzi. Mfano mkubwa ulio karibu nasi ni Kenya. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, KCPE, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika mtaala wa umilisi, mwanafunzi huelezwa kuwa amezidi matarajio, amefikia matarajio, anakaribia matarajio, au yuko chini ya matarajio, na tathmini ya Gredi ya 6 haimzuii mtoto kuendelea na sekondari ya chini. Wazazi na walimu wa huko wamelalamikia gharama, uhaba wa maandalizi na wingi wa fomu za kujaza, na malalamiko hayo yana uzito wake. Hata hivyo neno "anakaribia" lina mwelekeo ndani yake, wakati namba 38 inabaki namba tu.

Mfano mdogo zaidi, na wa bei nafuu, ni kipimo kilichotumiwa na Uwezo katika Tanzania, Kenya na Uganda. Mtoto husoma silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi. Kwa dakika chache mpimaji hujua mtoto amefika ngazi gani, na mwalimu hujua aanzie wapi kesho asubuhi. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho.

*Nne, ripoti ya maelezo.* Hapa mwalimu huandika aya moja au zaidi juu ya safari ya mwanafunzi badala ya daraja. Chuo cha Evergreen katika jimbo la Washington, Marekani, kimefanya hivyo tangu kifunguliwe mwaka 1971. Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Cruz kilianza vivyo hivyo mwaka 1965, lakini wanafunzi walipoongezeka mzigo wa kuandika ukawa mkubwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 alama za herufi zikafanywa za lazima. Italia nayo iliondoa namba katika shule za msingi mwaka 1977, ikazirudisha mwaka 2008, ikaziondoa tena katika shule za msingi mwaka 2020. Kwa hiyo njia hii ni nzuri, lakini haisimami penye wanafunzi wengi na walimu wachache.

*Tano, kufaulu au kutofaulu tu.* Njia hii hutumiwa zaidi vyuoni. Mwanafunzi hutakiwa kufikia kiwango. Akikifikia, hapangwi tena ndani yake. Shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, iliondoa madaraja katika miaka miwili ya kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionesha kwamba afya ya akili ya wanafunzi iliimarika, na matokeo yao katika masomo na katika mitihani ya leseni hayakushuka kwa kiasi cha maana. Hofu kwamba bila daraja hakuna atakayesoma haikutimia pale.

Nani huumizwa zaidi na alama?

Sweden ilipata kwa bahati nafasi ya kulijibu swali hili. Kwa miaka kadhaa, kati ya 1969 na 1982, serikali za mitaa ziliruhusiwa kuamua zenyewe kama wanafunzi wa Darasa la Sita wapewe alama au wasipewe. Alli Klapp wa Chuo Kikuu cha Gothenburg aliwafuatilia wanafunzi wa pande zote mbili kwa miaka iliyofuata. Aliona kwamba kwa wanafunzi wenye uwezo mdogo wa kimasomo, kupewa alama kuliambatana na matokeo duni zaidi baadaye, na uwezekano mdogo zaidi wa kumaliza sekondari ya juu. Wenye uwezo mkubwa hawakudhurika hivyo.

Tunaomba wazazi walitafakari jambo hili kwa utulivu. Tumezoea kuamini kwamba alama mbaya ni fimbo inayomwamsha mvivu. Kwa mtoto mwenye nguvu huenda ikawa hivyo. Kwa mtoto dhaifu, alama mbaya iliyorudiwa muhula baada ya muhula humfundisha somo moja kuliko yote, nalo ni kwamba yeye ni wa mwisho. Tuliposoma seminari ndogo, matokeo yalisomwa kwa sauti mbele ya wote, kuanzia wa kwanza. Tuliokuwa katikati tulisubiri kwa hofu. Walio mwisho walijua kabla ya jina kutajwa, na baadhi yao waliacha kusoma muda mrefu kabla ya kuondoka.

Kanisa linaifahamu njia hii

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kizungu na ya shule zenye wanafunzi ishirini darasani. Lakini Kanisa limepima watu kwa maneno kwa muda mrefu sana.

Katika hatua za katekumenato, wakatekumeni hawapewi alama. Mwanzoni mwa Kwaresima, wanapoteuliwa kwa ajili ya Sakramenti za Pasaka, wasimamizi huulizwa mbele ya jumuiya kama watu hawa wamelisikiliza Neno, wameanza kuliishi, na wameshiriki maisha ya sala. Huo ni ushuhuda wa mtu anayemfahamu mtu. Katika seminari pia, mbali na mitihani ya falsafa na teolojia, kila mwaka walezi na paroko huandika juu ya frateri. Wosia wa Kitume wa Mtakatifu Yohane Paulo II juu ya malezi ya mapadre, Pastores Dabo Vobis wa mwaka 1992, ulitaja nyanja nne: kiutu, kiroho, kiakili na kichungaji. Hakuna askofu ambaye angempa mtu daraja takatifu kwa kutazama wastani wa mitihani pekee. Ikiwa kwa padre tunaona namba haitoshi, kwa nini itoshe kwa mtoto wa miaka kumi na minne?

Tuna pia mfano wa padre Lorenzo Milani wa Italia. Mwaka 1954 alipelekwa Barbiana, parokia ndogo ya milimani karibu na Florence, akafungua shule kwa watoto wa wakulima ambao shule za serikali ziliwaangusha. Hakukuwa na alama wala kurudishwa darasa, na aliyekuwa nyuma ndiye aliyeangaliwa kwanza. Lakini asidhani mtu kwamba ilikuwa shule laini: walisoma kutwa nzima, hata Jumapili. Mwaka 1967 wanafunzi wake waliandika kitabu wakionesha kwa takwimu kwamba waliokuwa wakiangushwa shuleni walikuwa hasa watoto wa wakulima na wafanyakazi. Padre Milani alifariki mwaka huohuo. Tarehe 20 Juni 2017 Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda kusali kwenye kaburi lake.

Mipaka na tahadhari

Tusipokuwa waangalifu, tutabadilisha kosa moja kwa lingine. Tunaona tahadhari nne.

Ya kwanza ni wingi wa wanafunzi. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 na vipindi thelathini kwa wiki hawezi kuandika aya kwa kila mmoja kila juma. Njia yoyote isiyomhurumia mwalimu itakufa.

Ya pili ni upendeleo. Maneno nayo yanaweza kuwa ya uonevu. Mtihani unaosahihishwa bila jina umewahi kumwinua mtoto wa maskini ambaye mwalimu wake hakumpenda. Ndiyo maana hatupendekezi kufuta mtihani wa taifa.

Ya tatu ni maneno matupu. "Aongeze bidii", "vizuri", "anaweza zaidi" ni alama zilizovaa nguo za maneno. Maelezo yenye faida hutaja kosa na hatua: "Anajumlisha sehemu bila kusawazisha asili, afanye mazoezi ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika."

Ya nne ni ukweli. Huruma haisemi uongo. Mtoto asiyejua kusoma aambiwe, na mzazi wake aambiwe mapema, kuliko kubembelezwa hadi Kidato cha Nne.

Tunavyoweza kuanza

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inaleta elimu ya lazima ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtoto ambaye zamani angechujwa mapema atakaa shuleni muda mrefu zaidi. Miaka hiyo itakuwa baraka ikiwa tutajua kusahihisha, na itakuwa adhabu ndefu ikiwa tutaendelea kupanga tu.

Kwa walimu wa shule zetu, tunashauri jambo dogo: kwa kila somo, kazi moja kwa mwezi irudishwe bila namba, ikiwa na maelezo mafupi, na mwanafunzi aifanye upya kabla ya kwenda mbele. Makosa yanayofanana yaelezwe mara moja ubaoni, ili mwalimu asiandike jambo moja mara 80. Wanafunzi wafundishwe kukagua kazi zao na za wenzao kwa vigezo vilivyowekwa wazi. Alama zikilazimika, zije siku chache baada ya maelezo.

Kwa wakuu wa shule, nafasi ya mtoto isibandikwe ukutani. Apewe mzazi anayeiomba, pamoja na maelezo ya masomo mawili ambayo mtoto anahitaji msaada.

Kwa wazazi, siku ya kufungua ripoti tubadili swali la kwanza. Badala ya "Umekuwa wa ngapi?", tuulize "Kitu gani hukukielewa muhula huu?" Kisha tulipeleke jibu kwa mwalimu kwa heshima, kwa maana naye ni mshiriki wetu katika malezi.

Kwa makatekista na sisi mapadre, tuutazame upya mtihani wa Komunyo ya Kwanza na wa Kipaimara. Mtoto anayesahau jibu la katekisimu kwa woga asiambiwe ameshindwa Sakramenti. Aketi na katekista wake, afundishwe lililobaki, aulizwe tena. Huko ndiko kusahihisha.

Hitimisho

Katika mfano wa talanta, katika Injili ya Mathayo, mtumishi aliyepokea tano analeta tano nyingine, na aliyepokea mbili analeta mbili. Bwana wao anawapongeza wote wawili kwa maneno yaleyale. Hasemi kwamba huyu ni wa kwanza na yule wa pili. Kila mmoja ameulizwa juu ya kile alichopewa. Anayekemewa ni yule aliyeifukia talanta yake kwa hofu, na tunapaswa kujiuliza ni watoto wangapi wamefukia walichopewa kwa sababu tuliwatia hofu hiyo sisi wenyewe.

Tulimwomba mwalimu wa darasa wa mtoto yule aketi naye mchana mmoja. Alikubali bila manung'uniko. Alimpa maswali ya hisabati kwa Kiswahili, na mtoto akayajibu mengi. Alipompa yaleyale kwa Kiingereza, hakuandika kitu. Kumbe hakushindwa hisabati. Hakuweza kusoma swali. Tangu siku ile, kila jioni, binti mmoja wa kwaya anayesubiri kwenda chuo humsomesha Kiingereza kwenye ukumbi wa parokia.

Mwisho wa muhula uliofuata mama alirudi na karatasi yake. Mtoto alikuwa wa 49. Lakini mama hakuanza na namba hiyo. Alituambia kwamba mwanawe sasa anasoma swali mwenyewe, na lile asilolielewa anajua kulitaja.